Dirisha jipya ni la wanaolala ndani, si la wapita njia

Ukisafiri kutoka mjini Kisii kuelekea Keroka, au ukishika njia ya kwenda Nyamira, hutakosa kuona kando ya barabara nyumba iliyovuliwa madirisha yake. Yale ya zamani yameegemezwa kwenye mgomba, kutu imekwisha kuyala miguu, na mahali yalipokuwa pamezibwa kwa gunia au turubai. Mapya yanangojwa. Mara nyingi nyumba hiyo ni ya wazee, na anayegharimia ni mwana wao aliye Nairobi, Nakuru au ng'ambo, ambaye ameona aibu wazazi wake kuendelea kukaa katika nyumba yenye madirisha ya miaka ya 1970.

Ni jambo jema, msomaji mpenzi. Anayemtengenezea mzazi nyumba hujipatia baraka. Hata hivyo, leo ningependa tuulizane swali moja ambalo wengi hawajiulizi kabla ya kumkabidhi fundi pesa: Madirisha hayo tunamwekea nani? Je, ni mama atakayeyafungua kila asubuhi kwa mkono wenye baridi yabisi, ama ni jirani anayepita na kutikisa kichwa kwa kustaajabu?

Swali hili si la mzaha. Dirisha likishabadilishwa, maisha ya ndani ya nyumba nayo hubadilika. Hewa huingia kwa njia nyingine, baridi hupungua au huzidi, mbu hupata mlango mpya au huupoteza, na siku ya moto, Mungu apishe mbali, dirisha hilo hilo huwa njia ya kuokoka au ukuta wa kufia. Ndiyo sababu haifai kuchagua dirisha kama mtu achaguavyo kitambaa cha meza.

Kwanza, je, ni lazima libadilishwe?

Kabla ya kuvunja, chukua bisibisi uzunguke nyumba. Dirisha la chuma lililoshika kutu ya juu juu tu, ambalo fremu yake bado ni nzima, linaweza kusuguliwa, likapakwa rangi ya kuzuia kutu, likatiwa puti mpya na bawaba zake zikatiwa mafuta. Kazi hiyo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya dirisha jipya. Lakini ukidunga upande wa chini wa fremu na bisibisi ikazama, ujue chuma hicho kimekwisha. Vivyo hivyo kwa mbao: ikiwa ncha inaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, usijisumbue kuipaka rangi.

Madirisha mengi ya chuma tunayoyaona katika shule, zahanati na nyumba za walimu ni ya ukoo mmoja na yale aliyoanza kuyatengeneza Mwingereza Francis Henry Crittall katika mji wa Braintree mwaka 1884. Mtindo huo ulienea katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na mafundi wetu wa jua kali wakaurithi, wakiubadili kwa vyuma vinavyopatikana madukani. Hoja yangu ni kwamba dirisha la chuma likitunzwa linaweza kumzika aliyelinunua. Lisipotunzwa, huanza kuoza kwenye ule upande wa chini ambako maji hutuama chini ya puti.

Tazama pia ukuta. Ikiwa juu ya dirisha kuna ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembeni, kosa huenda liko kwenye linta, yaani ile boriti ya zege au mbao inayobeba ukuta juu ya uwazi. Ukiweka dirisha jipya chini ya linta mbovu, mzigo wa ukuta utalikalia dirisha, fremu itapinda na vioo vitapasuka bila ya kuguswa na mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, nao walikuwa wakisema hata juu ya madirisha.

Chumba kinahitaji dirisha la ukubwa gani?

Wajenzi wana kipimo cha zamani kilicho rahisi kukumbuka. Eneo la dirisha lisipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu, na angalau nusu ya dirisha hilo iwe inafunguka. Chukua mfano wa chumba cha kulala cha futi 10 kwa 12. Sakafu yake ni futi mraba 120, kwa hivyo dirisha lisipungue futi mraba 12, yaani futi 4 kwa 3. Sehemu ya kufunguka iwe futi mraba 6 au zaidi.

Hesabu hii ndogo hufichua jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Dirisha la alumini la kusukuma pembeni, lenye vipande viwili, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kipande kimoja hujificha nyuma ya kingine. Dirisha la bawaba hufunguka lote. Kwa hivyo, ukiondoa dirisha la bawaba la futi 4 kwa 3 ukaweka la kusukuma la kipimo kile kile, umepunguza hewa ya chumba kwa nusu. Ukiongeza wavu wa mbu, upepo unapungua tena. Ikiwa unapenda la kusukuma, afadhali uwazi uwe mkubwa zaidi, au chumba kiwe na madirisha mawili katika kuta mbili tofauti ili upepo upate mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Hewa hii si anasa. Katika chumba kisichopitisha hewa, mgonjwa mmoja wa kifua kikuu anaweza kuwaambukiza watu wote wa nyumba, maana vijidudu hubaki vikielea hewani. Madirisha yaliyo wazi ni mojawapo ya kinga rahisi kabisa tulizo nazo. Nalo jiko la kuni lina hatari yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na uchafu wa hewa unaotokana na kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni. Ikiwa utabadilisha madirisha ya nyumba nzima ukakiacha kijikoni kile kitundu cha ukubwa wa sinia, utakuwa umemsahau anayekupikia.

Mbao, chuma au alumini?

Kila kimojawapo kina faida na hasara zake, na tofauti kubwa hapa kwetu huletwa na maji. Nyanda za Kisii na Nyamira hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka, na sehemu nyingi hupokea zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua hiyo hupenda kuja alasiri ikiwa na upepo na ngurumo, ikaupiga ukuta kwa ubavu. Dirisha lisiloweza kuvumilia maji halina kazi huku.

Mbao ni nzuri kwa nyumba ya udongo, kwa sababu ni nyepesi na ukuta huo hauwezi kushikilia vyema dirisha zito la chuma. Saiprasi iliyokauka vizuri hufaa. Tahadhari na mkaratusi mbichi: fundi ataupiga randa leo unyooke kama rula, na kabla ya miezi mitatu kupita utakuwa umejipinda hata dirisha lisifunge. Mbao zikaushwe kivulini, zikipangwa kwa nafasi ili upepo upite katikati. Wengine hupaka mafuta machafu ya gari ili kuzuia mchwa. Ukifanya hivyo, usitarajie kupaka rangi juu yake baadaye, kwani rangi haishiki juu ya mafuta.

Chuma ndicho kilicho karibu na kila mtu. Ukienda kwa mafundi wa kuchomelea katika mji wa Kisii, Keroka, Nyamira au Ogembo, utatengenezewa dirisha la kipimo chochote. Lakini uliza unene wa chuma. Mafundi huupima kwa geji, na hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa geji yenye namba kubwa ndiyo nyembamba. Geji 16 ni nene kuliko geji 18. Ukiambiwa bei nafuu mno, huenda ni geji 20 ambayo mtu anaweza kuipinda kwa mikono. Uliza pia ikiwa ncha za mabomba ya pembe nne zimezibwa, maana maji yakiingia ndani ya bomba lililo wazi hulila kutoka ndani, nawe utaona kutu siku imekwisha kutoboa.

Jambo jingine kuhusu chuma ni rangi. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu ipakwe kabla dirisha halijawekwa ukutani, ipakwe pande zote, pamoja na ule upande utakaofichwa na plasta. Fundi mvivu hupaka unaoonekana peke yake. Vioo vikishatiwa puti, ngoja wiki moja au mbili puti ikauke, ndipo upake rangi ya mwisho, na rangi hiyo ipande kidogo juu ya kioo ili maji yasipate ufa wa kupenya.

Alumini haishiki kutu kama chuma, haipakwi rangi kila baada ya miaka michache, na huipa nyumba sura ya kisasa. Kwa kawaida bei yake ni ya juu kuliko chuma. Ukiichagua, sharti uwazi wa ukuta uwe umenyooka, kwa sababu alumini haisamehe ukuta uliopinda. Halafu chungulia reli ya chini kwa upande wa nje. Utaona vitundu vidogo. Hivyo ni vya kutolea maji ya mvua yaliyoingia relini. Fundi asiyejua huviziba kwa silikoni akidhani anazuia maji, kumbe ameyafungia ndani, nayo yatafurika hadi kwenye sakafu ya chumba. Mwonye mapema, na mwelekeze mama avisafishe vitundu hivyo kwa kijiti mara kwa mara.

Kuhusu vioo, kioo cha milimita 3 kinatosha kwa vipande vidogo vya dirisha la chuma. Vipande vikubwa vinahitaji milimita 4, 5 au zaidi. Wakazi wa upande wa Nyansiongo na Kiabonyoru, kunakokaribia mashamba ya chai ya Kericho, hawahitaji kuambiwa juu ya mvua ya mawe. Nyanda hizo za chai zimetajwa na wanasayansi miongoni mwa mahali penye mvua ya mawe nyingi zaidi duniani. Dirisha lenye vipande vingi vidogo likipigwa huvunjika kipande kimoja, nawe utanunua kimoja. Kioo kimoja kikubwa kikivunjika, umekinunua chote. Na popote ambapo kioo kinashuka karibu na sakafu, au kiko mlangoni ambapo mjukuu anaweza kujigonga akikimbia, nunua kioo cha usalama ambacho hakivunjiki kwa vipande vya kukata.

Baridi, jiko na matundu ya hewa

Hapa ningeomba msomaji anisikilize kwa makini. Nyumba nyingi za zamani zina matundu ya hewa juu ya madirisha, ambayo hayafungwi. Wazee huyalaumu kwa baridi, nao vijana wanapobadilisha madirisha huyaziba kwa simiti ili nyumba ipate joto. Madirisha mapya nayo hufunga barabara kuliko yale ya zamani yaliyokuwa na nyufa kila pembe. Matokeo yake ni nyumba isiyopumua.

Sasa fikiria usiku wa Julai huko juu Kiabonyoru. Mzee anahisi baridi, anaingiza jiko la makaa chumbani, anafunga madirisha yake mapya na kulala. Makaa yanapowaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu wala haikohozi mtu. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, na asipotolewa nje haamki. Katika ile nyumba ya zamani yenye nyufa huenda angenusurika. Zawadi ya mwanawe ndiyo iliyoifunga njia ya hewa.

Kwa hivyo usizibe matundu ya hewa. Yawekee wavu ili mbu wasipite. Ikiwa baridi ndiyo tatizo, weka dari, nunua mapazia mazito na ongeza blanketi. Na umwambie mzazi waziwazi, wala usimwonee haya: jiko la makaa halilali chumbani na watu.

Mbu nao wana njia yao

Zamani watu wa milimani walidhani malaria ni ugonjwa wa kando ya ziwa. Milipuko ya miaka ya 1990, na ule wa mwaka 2002, ilitufunza vingine. Wakazi wengi wa nyanda za juu hawana kinga ya mwili kama ya wale wanaoumwa mara kwa mara, kwa hivyo ugonjwa ukizuka humshika mkubwa na mdogo. Hatari huzidi baada ya mvua za masika, Mei hadi Julai.

Ni ajabu kwamba eneo hili hili liliwahi kuwa miongoni mwa wakuzaji wakubwa wa pareto, lile ua jeupe ambalo dawa yake huua wadudu, na ambalo wanakemia waliliiga walipounda dawa zinazotiwa katika vyandarua. Pareto imepungua sana mashambani, lakini dirisha bado linaweza kutukinga.

Weka wavu katika kila dirisha la chumba cha kulala. Lakini ujue kwamba mbu wa malaria hupenda sana kuingilia juu, katika nafasi iliyoachwa kati ya ukuta na mabati. Utafiti uliofanywa nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet ulionyesha hivyo. Nyumba zilizowekewa wavu milangoni, madirishani na kuzibwa chini ya paa, na hata zile zilizowekewa dari ya wavu peke yake, ziliingiwa na mbu wachache kwa takriban nusu, na watoto wenye upungufu wa damu walipungua. Kwa hivyo ukiweka wavu dirishani ukaacha upenu wazi, umefunga mlango wa mbele ukaacha wa nyuma. Na chandarua kitandani kibaki pale pale.

Kuna tatizo moja la ufundi hapa. Dirisha la bawaba hufunguka kwa nje, na wavu hukaa ndani. Basi mama atalifikiaje komeo? Wavu uliopigiliwa moja kwa moja utatobolewa ndani ya wiki moja ili mkono upite. Mwambie fundi autie wavu katika fremu yake nyembamba yenye bawaba ndogo, ifunguke kwa ndani kama kimlango. Ni gharama kidogo, lakini bila hiyo wavu hautadumu.

Grili isiyofunguka ni jela

Hakuna anayebisha kwamba wezi wapo. Mtu aliyetolewa televisheni dirishani hawezi kuambiwa asiweke vyuma. Lakini tazama jinsi tunavyoviweka: vinachomelewa kwenye fremu kabisa kabisa, kila chumba, hata choo.

Mwezi Machi mwaka 2001, wanafunzi 67 walikufa katika moto wa bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Madirisha ya bweni hilo yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu iliutoa mwaka 2008 unasema madirisha ya mabweni yasiwe na grili, na yafunguke kwa urahisi kwa nje. Tumekubali sheria hiyo kwa watoto wetu wakiwa shuleni, lakini wakirudi nyumbani likizo ya Desemba tunawalaza nyuma ya vyuma vile vile tulivyovikataa.

Suluhisho lipo, na mafundi wengi wanalijua. Katika kila chumba cha kulala, angalau dirisha moja liwe na grili ya bawaba inayofunguka kwa ndani au nje na kufungwa kwa kufuli. Upana wake umwezeshe mtu mzima kupita. Ufunguo utundikwe mahali ambapo aliye ndani anaufikia hata gizani, ambapo mwizi aliye nje hawezi kuufikia kwa kijiti. Halafu mfanye zoezi. Mwite mama, mwite na mtoto wa miaka kumi, uwaombe wafungue kufuli hiyo taa zikiwa zimezimwa. Wakishindwa mchana wa amani, hawataweza usiku wa moshi.

Kupima na kuweka

Usimpe fundi kipimo kwa simu. Uwazi wa dirisha la zamani hauwi mraba kamili hata siku moja. Upana upimwe mahali patatu, juu, katikati na chini. Urefu nao upimwe kushoto, katikati na kulia. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kufuata, ukipunguza kidogo ili fremu ipate nafasi ya kuingia na kuzungushiwa simiti. Pima pia kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, mara mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana sana, ukuta umepinda na unahitaji kurekebishwa kabla ya dirisha kuagizwa.

Ukitaka kupanua uwazi, hiyo ni kazi nyingine. Lazima linta mpya iwekwe, iingie ukutani inchi 6 hadi 9 kila upande, na ukuta wa juu uegemezwe kwa magogo wakati wa kazi. Uliza ofisi ya ujenzi ya kaunti kabla ya kuanza. Fundi anayekuambia atakata tu ukuta na msumeno bila ya linta, mshukuru kwa adabu na utafute mwingine.

Fremu ikishaingizwa, ipimwe kwa pima maji na kwa timazi kabla ya kushindiliwa. Miguu yake ya chuma izame ndani ya ukuta kwa simiti nzito. Msumari uliogongewa pembeni hautoshi. Dirisha lifunguliwe na kufungwa mara kadhaa kabla ya simiti kukauka, maana baada ya hapo kosa litakuwa la milele.

Halafu kuna kizingiti cha chini, na hapa ndipo nyumba nyingi huvujia. Watu hulaumu kioo, kumbe maji yameingilia chini ya fremu. Kizingiti cha nje kiteremke kuelekea nje, kitokeze kama inchi 2 mbele ya ukuta, na upande wake wa chini kiwe na mfereji mdogo wa kidole kimoja. Kazi ya mfereji huo ni kuyakata maji. Bila huo, tone la mvua hutambaa chini ya kizingiti, likarudi ukutani na kushuka nalo, ndipo unaona ile michirizi myeusi chini ya kila dirisha na plasta inayobambuka. Ni kazi ya dakika chache wakati simiti ikiwa mbichi.

Msimu na malipo

Miezi ya Desemba hadi Februari huwa na mvua chache kuliko mingine, kwa hivyo ndiyo ya kufanya kazi hii. Hata hivyo, usiondoe madirisha yote siku moja. Maliza chumba kimoja ndipo uende kingine. Fundi akipata msiba au akiitwa kwenye kazi nyingine, wazee wasibaki wiki mbili nyuma ya magunia.

Makubaliano yaandikwe katika karatasi, hata ikiwa fundi ni binamu yako. Taja idadi ya madirisha, vipimo, geji ya chuma au aina ya alumini, unene wa kioo, rangi mara ngapi, wavu, grili ya kufunguka, na nani ataziba plasta na kuondoa takataka. Toa malipo ya kununulia vifaa, kisha ulipe kulingana na kazi iliyokamilika. Sehemu ya mwisho uizuie hadi dirisha lijaribiwe kwa maji. Chukua ndoo mbili tatu, au bomba la maji ikiwa unalo, umwage kutoka juu kwa nje huku mtu mmoja akiwa ndani na karatasi kavu kwenye kizingiti. Karatasi ikilowa, kazi haijaisha. Fundi mwema hatakasirika, bali atakusaidia kubeba ndoo.

Mwisho, usimwamulie mama kila kitu ukiwa mbali. Mpigie simu umuulize mambo matatu: Mvua hupiga nyumba kutoka upande gani? Ni dirisha gani linalomsumbua kulifungua? Na usiku akisikia kishindo, hutaka kuchungulia wapi? Majibu yake yatakuambia mengi ambayo duka la vioo haliwezi kukuambia. Huenda asitake lile dirisha kubwa la kioo cheusi ulilolipenda, akataka dogo lenye komeo jepesi, karibu na kitanda, ambalo kwalo anaweza kuona zizi la ng'ombe wake.

Mpe hilo. Wapita njia watapata kitu kingine cha kutazama. Hadi Jumapili ijayo, nawatakia ujenzi mwema.